Mwanafunzi Ana Haki ya Kuuliza Habari za Vita

Tunawaandikia wazazi wa Kwale, kuanzia Ng'ombeni hadi Vanga, na kutoka ufuo wa Diani hadi bara ya Kinango, ambao kila mwaka huwapeleka watoto wao vyuo vikuu kisha hurudi nyumbani kungoja simu. Wako waliouza mbuzi, wako waliokodisha minazi, na wako waliosaidiwa karo na serikali ya kaunti kupitia mpango wa Elimu ni Sasa. Wote waliambiwa jambo moja: somesheni. Hakuna aliyewaambia kwamba mtoto akishaingia chuoni huwa shabaha katika vita ambavyo wazazi wake hawakuvitangaza, wala kwamba akithubutu kuuliza juu ya vita hivyo, yeye mwenyewe hugeuzwa mshukiwa.

Hoja yetu tunaitoa mapema. Swali la usalama wa wanafunzi na swali la jeshi letu lililoko Somalia ni swali moja. Serikali tatu mfululizo, ya Mwai Kibaki, ya Uhuru Kenyatta na ya William Ruto, zimejitahidi kuyatenganisha, ili la kwanza lijibiwe kwa rambirambi na la pili lisijibiwe kabisa.

Na tuanze na jinsi vita vilivyoanza, kwa sababu wengi wamesahau kwamba vilianzishwa kwa jina letu sisi watu wa Pwani. Mnamo Septemba na Oktoba 2011 wageni walitekwa nyara Kiwayu na Manda, huko Lamu, na baadaye wafanyakazi wawili wa misaada wakachukuliwa Dadaab. Katikati ya Oktoba 2011 mawaziri wawili, George Saitoti na Yusuf Haji, walitangaza kwamba Kenya itawafuata Al-Shabaab hadi ndani ya Somalia. Majeshi yakavuka mpaka. Operesheni ikaitwa Linda Nchi. Bunge liliombwa baadaye, mwezi wa Desemba, liidhinishe majeshi hayo kuingia katika ujumbe wa Umoja wa Afrika, AMISOM. Yaani idhini iliombwa wakati vifaru vimekwisha kukwama katika matope ya mvua za vuli upande wa pili wa mpaka.

Katiba ya mwaka 2010, ambayo wakati huo haikuwa imetimiza hata miezi kumi na mitano, ilikuwa imesema wazi. Kifungu cha 95 kinalipa Bunge la Taifa mamlaka ya kuidhinisha tangazo la vita. Kifungu cha 240 kinaliruhusu Baraza la Usalama wa Taifa kuyapeleka majeshi nje ya nchi kwa idhini ya Bunge. Wakereketwa wa mageuzi waliopigwa marungu katika miaka ya tisini hawakudai vifungu hivyo ili vipambe kitabu. Walijua, kwa kuwa waliishi chini ya utawala wa mtu mmoja, kwamba mtawala asiyeulizwa anapoanza vita hataulizwa pia anapovilipia kwa watoto wa watu.

Tarehe 2 Aprili 2015, kabla ya jua kuchomoza, watu wanne wenye bunduki waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa, wakati huo kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi. Waliwatenga Waislamu na wasio Waislamu, na wakaua. Waliokufa mikononi mwao ni watu 148, na kati yao 142 walikuwa wanafunzi. Al-Shabaab walipojitangaza, walitaja jeshi la Kenya lililoko Somalia kuwa sababu. Hatuwapi waliomwaga damu ile hadhi ya kuwa na hoja. Mtu amwambiaye msichana aliyepiga magoti kwamba anamwua kwa sababu ya siasa za mipaka hana hoja, ana unyama tu. Lakini sababu ya adui ikishatajwa, serikali yenye akili huipima na kuwaeleza raia wake. Haiizimi kwa kumwita anayeitaja kibaraka.

Yaliyotendeka saa zile yanajulikana. Siku chache kabla yake Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimewatahadharisha wanafunzi wake kwamba upo uwezekano wa chuo kushambuliwa. Siku moja kabla, Rais Kenyatta alikuwa akizilaumu Uingereza na Australia kwa kuwaonya raia wao wasisafiri katika baadhi ya sehemu za Kenya. Lango la chuo cha Garissa, mji usiokuwa mbali na mpaka wa Somalia, lililindwa na askari wachache mno. Kikosi cha Recce kilifika kutoka upande wa Nairobi mchana, na kilipoingia ndani jioni kiliimaliza kazi kwa muda mfupi. Kwa hiyo uwezo ulikuwapo. Uliokosekana ni uharaka, na uharaka hutokana na kuwathamini wanaosubiri.

Liko jambo moja ambalo sisi mawakili hatukulisahau. Mmoja wa wauaji wale alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwana wa chifu wa Mandera, na baba yake alikuwa amekwisha kutoa taarifa kwamba mwanawe amepotea. Hakuwa mtoto wa madrasa asiyejua kusoma Katiba. Alisoma kesi zile zile tulizozisoma, akafanya mitihani ile ile. Tunawakumbusha hilo wale ambao kila wakisikia neno ugaidi hutazama kofia ya kijana wa Ukunda au wa Msambweni.

Tarehe 7 Aprili 2015 mamia ya wanafunzi waliandamana katika mitaa ya Nairobi. Hawakubeba mawe. Walidai ulinzi vyuoni, na walitaka waelezwe kwa nini wenzao walingoja siku nzima. Baadhi ya viongozi wa upinzani, Raila Odinga akiwa mmoja wao, walitaka majeshi yarejeshwe nyumbani. Huo ndio uliokuwa wakati wa taifa kuzungumza. Badala yake tulijibiwa mambo matatu.

La kwanza, Rais aliamuru makurutu 10,000 wa polisi waripoti vyuoni mwao, ingawa mahakama ilikuwa imeubatilisha uajiri huo mwaka 2014 kwa sababu ya ufisadi na kasoro. Mwezi wa Mei 2015 Mahakama ya Rufani iliithibitisha hukumu ile. Tafakari, ndugu msomaji: wanafunzi wamekufa, na dawa inayotolewa ni kuidharau mahakama ili kuwaingiza kazini watu waliotuhumiwa kununua nafasi.

La pili, katika juma lile lile la maandamano, Inspekta Jenerali wa Polisi alitoa orodha ya watu na mashirika yanayodaiwa kuhusika na ugaidi. Ndani yake mlikuwa na MUHURI na Haki Africa, mashirika mawili ya Mombasa ambayo yalikuwa yakiuliza habari za vijana wa Pwani waliokuwa wakiuawa na kupotezwa. Akaunti zao za benki zikafungwa. Mwezi wa Juni Mahakama Kuu ya Mombasa haikuona ushahidi wa kuyahusisha na ugaidi, na kabla ya mwaka kwisha ikaamuru akaunti zifunguliwe. Lakini miezi ile yote familia za Kwale zilizokuwa zikitafuta watoto wao hazikuwa na mlango wa kubisha.

La tatu lilikuwa hofu, na hofu nayo huua. Alfajiri ya tarehe 12 Aprili 2015, siku kumi baada ya Garissa, hitilafu ya umeme ililipuka katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakaruka kutoka madirishani. Mmoja alikufa na zaidi ya mia moja wakajeruhiwa. Hapakuwa na gaidi hata mmoja. Palikuwa na vijana ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaambia kengele ikilia wakimbilie wapi.

Sasa turudi nyumbani. Mwezi wa Mei 2014, karibu mwaka mzima kabla ya Garissa, serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake wasiende katika ukanda wa kilomita tano kutoka baharini, kuanzia Mtwapa hadi Tiwi, isipokuwa kwa safari ya lazima. Diani haikuwamo. Hata hivyo makampuni makubwa ya utalii yaliwapandisha ndege wageni wao wakarudi kwao, na wapishi, watunza bustani na waongoza watalii wa Diani wakabaki wakitazama vitanda vitupu. Tulilalamika wakati ule, na tulikuwa na haki ya kulalamika, kwani njaa iliingia nyumba nyingi. Lakini katika onyo lile mlikuwa na somo ambalo hatukulichukua. Mtalii wa London alikuwa na serikali iliyomchorea mstari kati ya Tiwi na Diani, ikamwambia hapa nenda, hapa usiende. Mwanafunzi wa Kwale hakuchorewa mstari wowote na mtu yeyote.

Tarehe 10 Oktoba 2017, asubuhi, magari ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa yaliyokuwa yakielekea katika bewa lake la Kwale yalishambuliwa na watu wenye silaha karibu na Ukunda. Wanawake wawili, wafanyakazi wa chuo, waliuawa. Masomo yalisimamishwa. Nchi wakati huo ilikuwa kati ya chaguzi mbili, ule wa Agosti uliobatilishwa na Mahakama ya Juu na ule wa marudio uliokuwa ukingojewa, na kila mwanasiasa alikuwa na lake la kusema juu ya wale waliokufa. Baada ya majuma machache hakuna aliyewataja tena. Mji wa Garissa ulipata angalau majina kusomwa. Ukunda ilipata kimya.

Na kimya hicho hakikuanza siku ile. Tangu mwaka 2012, alipopigwa risasi Sheikh Aboud Rogo akiwa garini na familia yake, mauaji na kupotezwa kwa watu vilikuwa jambo la kawaida Pwani. Mwezi wa Desemba 2016 Haki Africa ilitoa ripoti iliyoorodhesha watu 81 waliouawa au kupotezwa katika mkoa huu kwa kipindi cha miaka minne. Upande wa pili nako, wazee wa mitaa na wajumbe wa Nyumba Kumi walikuwa wakiuawa upande wa Bongwe na Ukunda kwa kushukiwa kwamba wanawapasha polisi habari. Kijana wa Diani alikuwa na njia mbili za kufa: kwa kushukiwa na dola kuwa ni Shabaab, au kwa kushukiwa na Shabaab kuwa ni wa dola. Mzee aliyemnasihi asiende Somalia hakuwa na uhakika wa kuamka salama.

Wakubwa wetu wa umri watasema haya si mapya, na kweli si mapya. Mwezi wa Agosti 1997, baada ya wavamizi waliokula kiapo katika msitu wa Kaya Bombo kushambulia kituo cha polisi cha Likoni, msako uliofuata uliwazoa vijana wa Kidigo kwa mamia, wengi wao bila kosa lolote, huku waliopanga na waliofadhili wakibaki majumbani mwao. Dola letu lina mazoea hayo. Likishindwa kumkamata mwenye hatia, humkamata jirani yake.

Mwaka ule ule wa 1997 ndio uliotupatia haki tunayoitetea leo. Kabla yake, watu watatu hawakuweza kukaa chini ya mwembe kuzungumza siasa bila leseni ya mkuu wa wilaya. Tarehe 7 Julai, Saba Saba, polisi waliwapiga watu hadi ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, na wanafunzi wa vyuo vikuu hawakuachwa. Kutokana na msukosuko ule Sheria ya Usalama wa Umma, Sura ya 56, ilirekebishwa. Anayetaka kuandamana hahitaji tena kuomba ruhusa. Anatoa taarifa kwa kituo cha polisi, si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku kumi na nne kabla ya maandamano. Kifungu cha 37 cha Katiba kimekuja kuipa haki hiyo mizizi: kila mtu anaweza kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha. Ofisa anayemwambia mwanafunzi kwamba "hamkupewa kibali" anatumia sheria iliyokufa kabla mwanafunzi huyo hajazaliwa.

Watawala wamejifunza njia nyingine. Mwaka 2016 Sheria ya Vyuo Vikuu ilibadilishwa, na viongozi wa wanafunzi, badala ya kuchaguliwa moja kwa moja na wenzao, wakawa wanachaguliwa na wajumbe. Kelele za kampeni zilipungua, hilo hatulikatai, na huenda fujo pia. Lakini wajumbe wachache ni rahisi kualikwa chai kuliko wanafunzi elfu ishirini.

Tunajua jibu tutakalopewa. Tutaambiwa nchi iko vitani, na kwamba anayeuliza habari za jeshi anamsaidia adui. Ni hoja ya zamani, na haikuanzia Kenya. Tarehe 4 Mei 1970 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kent State, jimbo la Ohio nchini Marekani, walikuwa wakipinga vita vya nchi yao vilivyopanuliwa hadi Kambodia. Askari wa ulinzi wa jimbo wakafyatua risasi, na wanafunzi wanne wakafa. Adui hakuwamo uwanjani. Na mwaka 2024, wanafunzi wa vyuo vya Marekani walipopiga mahema kupinga vita vya Gaza, mamia kwa mamia walikamatwa. Taifa lenye nguvu kuliko yote duniani bado halijajua kumjibu kijana anayeuliza fedha na silaha za nchi yake zinafanya nini ng'ambo. Sisi tuna sababu gani ya kuliiga?

Siri nyingine zina maana. Hatudai jeshi litangaze litakapopita kesho. Tunachodai ni hesabu. Mwezi wa Januari 2016 kambi ya jeshi letu huko El Adde ilishambuliwa, na serikali ikakataa kuliambia taifa ni askari wangapi waliokufa. Wazazi walipokea majeneza mmoja mmoja, kila kaunti na lake, bila ya nchi kuyaona pamoja. Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua. Na maoni yetu, kwa kuwa makala haya ni ya maoni, ni kwamba operesheni iliyoingia mwaka 2011 bila tarehe ya kutoka imekwisha kuwa kitu kingine. Jina la ujumbe limebadilishwa mara mbili, ATMIS mwaka 2022 na AUSSOM mwaka 2025. Bunge lilipaswa kila mara kuketi upya, hadharani, kuuliza gharama ya damu na ya fedha, na kuwasikiliza watu wa kaunti zinazoilipa: Garissa, Mandera, Wajir, Lamu, Tana River na Kwale.

Liko jambo moja zaidi. Tarehe 25 Juni 2024 kikosi cha kwanza cha polisi wa Kenya kilitua Port-au-Prince, Haiti, kwenda kuwalinda raia wa huko. Siku hiyo hiyo polisi wa Kenya walikuwa wakiwapiga risasi vijana wa Kenya mbele ya Bunge lao. Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kusema, mwezi wa Januari mwaka huo, kwamba Katiba haikumpa mtu mamlaka ya kuwapeleka polisi huko jinsi ilivyofanywa. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo 60 katika maandamano ya mwaka ule, na hadi mwezi wa Desemba ilikuwa imeorodhesha watu 82 waliotekwa tangu Juni. Watu wa bara walishangaa kwamba kijana anaweza kuchukuliwa mchana na gari lisilo na nambari. Mama wa Ukunda hakushangaa. Kwake lilifika miaka kumi mapema, na wakati ule waliomwamini walikuwa wachache. Hatusemi haya kwa kuwasuta wenzetu. Tunayasema ili ieleweke kwamba mkataba wa kimataifa wa kuwalinda watu dhidi ya kupotezwa, ambao Kenya iliutia saini mwaka 2007 kisha ikauacha kabatini miaka na miaka, ni jambo linalotuhusu sote.

Basi mzazi wa Msambweni afanye nini leo, mwanawe akiwa na barua ya kuitwa chuo cha mbali alichopangiwa na serikali? Iko sheria ambayo haitumiki sana upande wetu, nayo ni Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Chuo kikuu cha umma ni ofisi ya umma. Mzazi, au mwanafunzi mwenyewe, anaweza kukiandikia chuo na kuuliza: Je, mna mpango wa dharura? Lini mara ya mwisho mlifanya zoezi la kuwaondoa wanafunzi mabwenini? Milango ya kutokea ni mingapi, na usiku hufungwa na nani? Kituo cha polisi kilicho karibu kimeahidi kufika kwa muda gani? Gari la chuo likisafiri barabara ya Likoni kwenda Ukunda lina ulinzi wa aina gani? Chuo kinatakiwa kijibu ndani ya siku 21, na habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Wakijificha nyuma ya usalama wa taifa, sheria hiyo hiyo inairuhusu mahakama kuamuru habari itolewe ikiwa manufaa ya umma ni makubwa kuliko madhara. Wakinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Utawala wa Haki, ile ijulikanayo kwa jina la Ombudsman.

Barua yaweza kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, kifungu cha 8 kimeziruhusu lugha zote mbili, na kuiwasilisha hakulipishwi. Asiyejua kuandika aende mwenyewe aseme kwa mdomo, na ofisa wa habari analazimika kumwandikia.